Kaseti ya Barabara ya Kabambare

Funguo za makabati nimekwisha kuzirudisha, na kiti changu kimepata mtu mwenye mgongo mzima kuliko wangu. Mlipokuja kuniaga mliniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, kwa sababu, mlisema, mambo mengi yako kichwani mwa Mama Kaseti, na kichwa hakina kopi. Mlisema kwa heshima, lakini niliwaelewa. Mnaogopa nife na mambo yenu. Basi naandika. Msitafute humu nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Mambo hayo hata wakati ule hayakunikosesha usingizi, na usingizi wangu mnaujua.

Niliingia kazini kwa sababu isiyo na sifa yoyote: nyumba ya picha, inakotunzwa kaseti na filamu za mji wetu wa Kasongo, ilitazamana na nyumba yetu. Nilikuwa na diploma ya sekondari na uvivu wa kutembea. Wenzangu wa darasani walikwenda Kindu, wengine Bukavu, wengine hatujui walikoishia. Mimi nilivuka barabara. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mama ni mutu ya safari. Asubuhi anakwenda ng'ambo, jioni anarudi." Wageni walidhani anasema ng'ambo ya mto Lualaba.

Siku ya kwanza nilivaa kitenge kipya, nikachukua kalamu, nikajua nitapewa meza. Papa Kabemba, mpiga picha wetu, mzee aliyebeba kamera begani mpaka bega moja likashuka chini ya lingine, hakunipa meza. Alinipa kaseti.

"Nusa."

Nikanusa.

"Inanuka nini?"

"Inanuka nyumba ya nyanya yangu wakati wa mvua."

"Ndiyo ukungu huo. Umejua kazi nusu. Sasa njoo unuse hizi za mapadri wa zamani." Akafungua sanduku la bati lenye filamu za magurudumu. "Hizi zikianza kunuka vinegre, ile siki, zitenge na wenzao. Ugonjwa wake unaambukiza."

Ndivyo nilivyosoma kazi, kwa pua. Mambo mengine aliyonifundisha mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu nimewaona mkiyasahau. Kaseti husimama kama vitabu, hailali kama mgonjwa. Kila kiangazi izungushwe yote, toka mwanzo mpaka mwisho na kurudi, ipate hewa. Isikae karibu na spika. Jenereta ikiwashwa, ngojeni itulie ndipo mchomeke mashine. Na msikamate poze, kile kitufe cha kusimamisha picha.

Hilo la poze nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike.

Papa Kabemba alijua mengi, lakini hakujua mende. Kila kaseti aliibandikia jina kwa karatasi na gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Gundi nzuri, nyeupe, ya bure. Mende wa Kasongo waliipokea kama chakula cha sikukuu. Tena hawakuwa na ubaguzi wa dini: walikula Noeli ya parokia na Maulidi ya mjini kwa hamu ileile. Tulipokuja kutambua, nusu ya majina imekwenda. Kaseti moja ilibaki "Harusi ya". Nyingine ilibaki "Askofu ana". Hatukujua kama askofu anafungua, anabariki au anaumwa.

Kwa sababu ya mende hao tukaanza kazi ambayo leo watu wanaisifu kana kwamba tuliibuni kwa akili. Tulikuwa tunaweka televisheni barazani mchana, tunaita watu wa mtaa, tunawaonyesha kaseti isiyo na jina ili watuambie ni nini. Hapo nikajifunza jambo ambalo Papa Kabemba mwenyewe hakulijua. Usimwulize mtu "hii ni nini?" Atakutungia. Mwulize "huyu ni nani?" Na wakati anatazama, wewe usitazame picha. Mtazame yeye.

Mara ya kwanza ilikuwa kaseti ya mpira. Watu wanacheka, wanamtukana refa aliyekwisha kustaafu zamani. Golikipa akaonekana, kijana mrefu, anarekebisha soksi zake. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Ile ni mutoto yangu." Kila mtu alijua kijana yule alikufa maji Nyangwe. Nikabonyeza poze bila kufikiri. Mama mmoja akainuka, akamgeukia mzee, akasema, "Pole, Papa." Wa pili naye akasema. Tukazunguka wote mpaka mwisho, na mzee akawa anajibu "asante, asante," huku golikipa ameinama na soksi yake, anatusubiri.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya baraza letu. Marehemu akionekana, picha husimama na watu humpa pole mwenye naye. Ukikataa kusimamisha, hakuna anayetazama tena. Kaseti fupi inaweza kumaliza mchana mzima. Wageni waliokuja kutafuta picha za filamu zao walikuwa wakitazama saa, na mimi nilikuwa nawaletea chai, maana sikuwa na dawa nyingine.

Papa Kabemba alichukia. Alinishika mkono jioni ya siku ile ya golikipa. "Mama, ukikamata poze, kichwa cha mashine kinazunguka palepale juu ya mukanda. Ni kama kusugua shati pahali pamoja na jiwe. Shati inatoboka." Tukapatana hivi: poze iwe ya muda wa kusema pole na kujibiwa. Ikizidi hapo, tunamwacha marehemu atembee. Sheria hiyo nimeishika miaka yote ya kazi, na wengi wenu nimewapiga vidole kwa ajili yake. Papa Kabemba alipofariki, kwenye kilio chake nilimwambia kwa moyo kwamba sheria iko salama.

Sasa nimefikia kaseti yenyewe.

Ilikuwa kwenye rafu ya chini, VHS, sauti yake imekufa kwa ukungu. Mende walikuwa wamebakiza maneno haya: "Barabara ya Kabambare, watu wanak". Hapo karatasi inaishia. Ndani yake watu wanatembea. Msururu mrefu, asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Wanawake wana mikeka kichwani, na masufuria, na kuku wanaoning'inia miguu juu. Hakuna anayecheka. Mbele kabisa ni mwanaume mwenye fungu la kuni begani, na mara moja anageuka nyuma kuona kama wengine wanafuata, na uso wake unajaa kioo chote.

Papa Kabemba alipita njia ile kidogo tu kabla vita havijafika huku. Nani asingejua kumalizia neno lile? Watu wanakimbia. Nilimalizia mimi, mkamalizia ninyi, na kila mgeni aliyeiona akamalizia.

Solange naye akamalizia. Huyu ni binti wa Bukavu mwenye kutengeneza filamu za kweli, aliyekuja kwetu akitafuta picha za miaka ya vita katika Maniema. Alikuwa na adabu, hakutazama saa. Aliponiomba niirudishe kaseti ile mara ya pili, nilimwona amekamata goti lake.

"Mama, hii ndiyo mwanzo wa filamu yangu," akasema. "Yule bwana anavyogeuka. Hapo vita vyote viko usoni mwake."

"Ni nani?" nikamwuliza.

"Sijui. Wewe unajua?"

"Sijui. Basi haitoki."

Mnaijua sheria yetu, uso usio na jina hautoki nyumbani. Nilitegemea atanung'unika kama wengine, nimletee chai. Akasema, "Basi twende Kabambare tukaulize."

Twende. Mimi, niliyekuwa nikiita safari kwenda mpaka sokoni. Mashine yetu ya kutoa kopi ilikuwa imekufa, kaseti ilikuwa moja tu, na sikuwa tayari kumpa mtu mwingine aibebe. Mume wangu aliposikia alikaa chini. "Mama Kaseti anakwenda Kabambare," alisema polepole, kama mtu anayesoma habari ya msiba. Kisha akanitafutia koti lake la mvua.

Barabara ile sitaielezea. Anayeijua anaijua, na mwenye pikipiki aliyenibeba aliniambia tangu Kasongo, "Mama, kama unafunga macho, usinikamate shingo, unikamate kiuno." Nilifunga macho. Kaseti ilikuwa kifuani, imefungwa ndani ya plastiki na kanga mbili. Televisheni na magnetoskopi, mashine ya kuchezea kaseti, vilikuwa kwenye pikipiki ya Solange, vimefungwa na godoro kama mzazi anayepelekwa hospitali. Aliyenitoa nyumbani kwangu baada ya maisha yote hayo alikuwa mtu nisiyemjua jina, mwenye kuni begani.

Kabambare tulifikia kwa Mama Tabu, mjane mwenye nyumba ya vyumba vya wageni. Nimesema mjane, na hapo ndipo nilipokosea karibu nivunje ukaribisho. Binti yake, Sifa, alinivuta jikoni kabla sijafungua mdomo.

"Mama, tafazali, musimuambie mama pole ya papa. Hapendi. Mutu akimuambia pole, anajibu, pole ya nini, bwana yangu amesafiri."

Sifa alinieleza huku akipepeta mchele. Vita vilipofika, watu wa mtaa wao walikimbilia porini. Baba yake, Amisi, alikuwa na mama mzee asiyeweza kutembea. Alimtuma mkewe atangulie na watoto, yeye akabaki na mama yake. Waliporudi walimkuta bibi amezikwa vizuri nyuma ya nyumba, na Amisi hayupo. Hakuna aliyemwona, hai wala mfu. Kwa hiyo hawakuweka kilio. Kumlilia mtu ambaye pengine yuko njiani ni kumfungia mlango. Mama Tabu alingoja, na watu wakanyamaza, na pole yake ikabaki midomoni mwao mpaka wengine wakafa nayo.

"Mimi nilikuwa mugongoni," Sifa alisema. "Uso yake siijui. Photo yetu iliungua na nyumba. Kama papa iko mu kaseti yenu, anaweza kupita mbele yangu na mimi nisimujue."

Nikamwambia kwamba kaseti yetu ni ya wakimbizi. Akasema, "Basi haiko. Papa hakukimbia."

Kesho yake mchana tuliwasha mashine katika darasa la shule. Akina mama walifunika madirisha kwa vitenge. Walikuja watu wengi, wazee kwa vijana, na jenereta ikasimama nje ikikohoa. Nikasema maneno yangu ya kila siku: nitawaonyesha watu, ninyi mniambie ni nani. Nikajigeuza, nikawatazama wao.

Mwanzo walicheka, kwa sababu ya kuku mmoja aliyekuwa akipigana kichwa chini. "Ile kuku inakataa safari," akasema mtu. Mwingine akataja jina la mwanamke mwenye sufuria, naye yuko hai, yuko palepale darasani, akaficha uso kwa aibu ya kujiona msichana. Kisha kuni zikaingia kwenye kioo, na nikamwona Mama Tabu akishusha mikono yake kutoka mapajani, taratibu, mpaka ikagusa benchi.

"Mama, rudisha kidogo."

Nikarudisha. Yule bwana akarudi kinyumenyume, akaja tena, akageuka.

"Simamisha."

Nikasimamisha. Wazee waliacha kioo, wakamtazama Mama Tabu.

"Ile ni Amisi," Mama Tabu akasema. "Ni bwana yangu."

Solange alikuwa karibu naye. Alimwuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto anavyouliza mkwe, "Mama, siku ile alikuwa anakimbilia wapi?"

Mama Tabu alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Kukimbia? Mwanangu, mutu mwenye kukimbia anabeba kuni?"

Watu wakaguna. Nikatazama kioo. Kuni zile nimeziona mara ngapi, na siku zote nilikuwa naona mzigo tu. Ukikimbia unabeba mtoto, unabeba mkeka, pengine kuku. Kuni ziko porini kote unakokwenda. Kuni hubebwa na anayekwenda mahali ambapo watu watakaa siku nyingi na moto hautakiwi kuzimika.

"Ile ni kilio ya mama yangu," akaendelea. "Mukwe ndiye anatangulia na kuni, wengine wanafuata na mikeka ya kulalia. Mimi nilikuwa mbele kule, ndani ya nyumba, nimelala chini karibu na maiti. Nikasikia watu wanasema, mukwe amefika. Sikumuona akija. Leo ndiyo ninamuona akija."

Wanak. Wanakwenda kilio. Ndivyo Papa Kabemba alivyoandika, au karibu na hivyo. Mende ndio wanaojua.

Solange akasema jambo ambalo sikumlaumu, maana lilikuwa na ukweli ndani yake. "Mama Tabu, hata kama siku ile ilikuwa kilio, watu walikimbia baadaye kwa njia ileile. Picha yake ingewasemea wote."

"Walikimbia, ndiyo. Mimi mwenyewe nilikimbia. Nitakusimulia yote, uweke mu filamu." Mama Tabu hakuwa na hasira. "Lakini yeye hakukimbia. Alikataa kumuacha mama yake. Ile tu ndiyo alituachia. Ukimuita mukimbizi mbele ya dunia yote, umetunyang'anya na ile. Utafute wengine wenye walikimbia."

Nilikuwa bado nimekamata poze. Muda wa pole na kujibiwa ulikuwa umekwisha zamani, na vidole vyangu vilikuwa vinaniuliza. Hapo Sifa akatoka nyuma ya darasa akaja mbele, akasimama karibu na kioo, akautazama uso ule. Alijigusa kipaji cha uso, mahali ambapo baba yake alikuwa na kikunjo, naye anacho. Kisha akageuka, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Pole, mama," akasema.

Darasa zima lilingoja kusikia pole ya nini. Mama Tabu alimtazama binti yake, akamtazama yule wa kwenye kioo.

"Asante," akajibu.

Basi watu wakainuka. Walikuja mmoja mmoja, wale waliokaa na neno lile mdomoni tangu vita, wakampa mkono, wakamwambia pole, naye akajibu kila mmoja. Msururu ulikwenda mpaka mlangoni. Nje walisikia, wakaanza kuingia wengine. Magnetoskopi ina akili yake: ukiikamata poze sana, inajiachilia yenyewe kuokoa mkanda. Ikajiachilia. Amisi akaanza kutembea na kuni zake, anatoka pembeni ya kioo, na Mama Tabu akaniambia bila kugeuka, "Usimuache aende kwanza."

Nikamrudisha. Nikakamata tena. Mashine ikachoka tena, akatembea tena, nikamrudisha tena. Nilisikia harufu ya joto ndani ya mashine, na nilimsikia Papa Kabemba na jiwe lake na shati lake. Sikuacha mpaka mtu wa mwisho aliposema pole. Kisha Mama Tabu akasema, "Sasa aende," nikaondoa kidole, na Amisi akapita.

Asubuhi nilipofungua mlango wa chumba changu sikuweza kutoka vizuri. Uwanja ulikuwa na kuni. Watu walikuwa bado wanazileta, wanazitua bila kelele, wanatandika mikeka. Moto ulikwisha kuwashwa katikati. Solange alikuwa amekaa chini na akina mama wengine, kamera yake iko ndani ya mfuko. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatafuta gogo, nikalibeba mimi mwenyewe, mimi ninayenunua kuni mlangoni, na mama mmoja akaniambia, "Mugeni, utaumia, leta tushike wawili." Tukalishika wawili.

Tulikaa mpaka kilio cha Amisi kilipomalizika. Mume wangu alikwisha kuwaambia jirani kwamba nimehamia.

Kaseti ilitoka, kwa ruhusa ya Mama Tabu. Solange alianza filamu yake kwa barabara tupu, aliyoipiga mwenyewe siku tuliyorudi, na juu yake Mama Tabu anasimulia walivyokimbia. Wale wenye mikeka na kuku wanakuja karibu na mwisho. Hakuna muziki. Inasikika sauti ya Mama Tabu peke yake, anawataja kwa majina, na kwa wa mbele anasema, "Huyu ni Amisi, anapeleka kuni kwa kilio ya mama yangu." Mimi nimebandika jina jipya, kamili, kwa gundi ya dukani. Mende wajaribu.

Lakini mkanda uliumia, kama Papa Kabemba alivyosema. Pale Amisi anapogeuka kuna mstari mweupe, unapita begani mwake juu ya kuni. Kijana wa Kinshasa aliyekuwa akiitengeneza kopi alinipigia simu, akaniambia kwa furaha kwamba sasa ziko mashine za kuusafisha, ule mkwaruzo utapotea kabisa, hakuna atakayejua.

Nilimwambia auache. Nanyi mnaobaki na makabati, akija mwingine na mashine bora zaidi, mwambieni hivyohivyo. Mkanda ulikwaruzika pale kwa sababu watu walikuwa wengi.